Kadi Iliyorudi

Watu wa mtaa wetu huniita Mama Kamusi, nami sijawahi kuwakataza, maana kuna majina mabaya zaidi ya hilo. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijaingia mashineni na kunasa makosa ya wenzangu, na kazi hiyo ikaniharibu kabisa. Mpaka leo siwezi kutia risiti ya dukani mfukoni kabla sijaisoma yote. Nilipostaafu, gazeti moja la kila wiki likaniomba niwatungie fumbo la ukurasa wa mwisho. Sasa ni miaka kumi na minane, na sijakosa wiki hata moja.

Fumbo lenyewe ni rahisi kulieleza. Msomaji anapewa herufi sita. Atafute maneno yote ya Kiingereza yanayoweza kuundwa kwa herufi hizo tu, kila herufi itumike mara moja katika neno, na neno lisiwe na herufi chini ya nne. Chini yake tunaweka idadi: sisi tumepata kadhaa, wewe je? Wiki inayofuata tunatoa orodha. Raha yake ni kuona maneno yasiyojuana yanavyolala kitanda kimoja. Chukua A, D, E, G, N, R. Humo mna garden, yaani bustani, na mna danger, yaani hatari, herufi zilezile, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Mna gander, bata bukini dume. Mna dear, mpenzi, na kwa kupangua kidogo tu, mna dare, kuthubutu.

Aliyenitengenezea kadi ni marehemu dada yangu, mwalimu wa Kiingereza, mwanamke ambaye hata akikusalimu ulihisi anakusahihishia insha. Alikata kadi elfu moja na mia mbili, na kila moja akaiandika herufi sita kwa mpangilio wa alfabeti ili neno kubwa lisijitokeze lenyewe. Kadi ambazo hazijatumika hukaa katika mkebe wa biskuti wa bluu. Zilizokwisha kutumika hukaa katika mkebe mwekundu, ambao mfuniko wake una kibonyeo na hufunga kwa kishindo. Sheria ni moja: kadi ikitoka kwenye wa bluu inaingia kwenye mwekundu kabla sijanyanyuka kitini.

Hukaa mezani kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Natikisa mkebe wa bluu, natoa kadi, natazama saa ya ukutani, na kwa dakika sitini sigusi kamusi. Maneno nayaandika kwa penseli, yanapoangukia karatasini hapo hapo, mengine yamesimama, mengine yamelala. Sihesabu. Hiyo pia ilikuwa sheria ya dada. Alisema ukihesabu utajifungia mlango, kwa sababu ukijua umefika thelathini utaridhika na hutatafuta la thelathini na moja. Saa ikitimia, karatasi nampa mume wangu.

Mume wangu mimi namwita Karani, kwa sababu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kumbukumbu, na hata alipokuwa akinichumbia barua zake zilikuwa na tarehe juu na nakala kwake. Yeye ndiye anayehesabu, anayepiga chapa orodha na kuipeleka gazetini kila Jumatano. Namuuliza, “Ngapi leo?” Anakohoa kidogo, anasema, “Thelathini na mbili, mke wangu.” Hapo ndipo ninapokunywa chai yangu kwa amani.

Gazeti likitoka, silisomi. Sisi wasahihishaji tuko hivyo. Ukurasa ukishachapwa, ukiutazama utaona kosa, na ukiliona huwezi tena kulifuta, kwa hiyo utalala nalo. Kiwandani kwetu hakuna msahihishaji aliyefungua gazeti lililokwisha kutoka. Tulifungia maandazi.

Hayo yote nayaeleza ili ujue ni kwa nini niliishi miezi kumi na minne bila kujua lolote.

Dada yangu alianza kuugua akiwa na miaka sitini na tisa, na ugonjwa wake ulianzia kwenye maneno. Tulikuwa na mchezo wetu wa wawili: kila mmoja na karatasi yake, kadi moja, saa moja. Mwanzoni alinishinda kila mara. Kisha tukawa sawa. Kisha akashuka hadi thelathini, ishirini na tano, ishirini na mbili, na kila akishuka alisema kadi ilikuwa ngumu. Wiki aliyopata kumi na tisa ndiyo wiki aliyomtazama mwanawe mwenyewe mlangoni akamuuliza, “Kijana, umetumwa na nani?” Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Viatu tulivikuta ndani ya friji. Chumvi iliingia kwenye chai. Mwaka wa mwisho nilikuwa nikimlisha kwa kijiko, naye akinishukuru kwa Kiingereza safi kabisa, kama mtu anayemshukuru mhudumu wa hoteli.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyemwambia. Sote tuliona, sote tukanyamaza, tukajiita wenye huruma. Akaondokewa na akili mbele ya macho yetu bila kupata nafasi ya kuaga akiwa bado ni yeye. Jioni ya siku tuliyomzika nilimshika Karani mkono jikoni nikamwambia, “Nikianza, uniambie. Siku hiyohiyo. Nataka nijue nikiwa bado naelewa maana ya kujua. Apa.”

Karani akaapa, machozi yakimtoka. Na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa namba moja tu duniani. Wengine wanaogopa nyoka. Mimi naogopa kumi na tisa.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe.

Wiki mbili kabla, Karani alikuwa ameamua kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilishangaa. Kwa miaka sita nilimbembeleza akatibiwe akakataa, anasema sahani anaiona na kitanda anakiona, anataka kuona nini tena. Mwaka huu akabadilika ghafla, akawa ndiye anayewasumbua madaktari. Akafanyiwa Jumamosi, akarudi na jicho limefungwa kama haramia wa baharini. Jumapili yote alikuwa hana raha. “Wiki hii waambie unaumwa,” akaniambia. “Fumbo lisubiri.”

“Anayeumwa ni wewe,” nikamjibu. “Mimi macho ninayo mawili.”

Jumatatu nikafanya kazi yangu, saa ikatimia, na binti yetu, aliyekuja kumwuguza baba yake, akapiga picha karatasi yangu kwa simu na kuituma moja kwa moja kwa mhariri. Karani alikuwa kitandani. Nilimsikia akiuliza, “Imeshakwenda?” Binti akamwambia imeshakwenda, baba, lala. Mimi nilidhani ni wivu wa kazi.

Ijumaa ya wiki hiyo binti akampeleka kliniki jicho likaangaliwe. Nilibaki peke yangu, naosha vikombe. Simu ikalia. Alikuwa mhariri wa ukurasa wa mwisho, mwanamke mdogo mwenye adabu za kukutia wasiwasi.

“Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Kuna msomaji wetu mmoja ameleta barua kwa mkono.”

“Yule mfamasia?”

“Huyohuyo.”

Mfamasia tunamfahamu wote. Huandika karibu kila wiki, hulalamika, na huambatanisha ushahidi. “Anasema nini safari hii?” nikauliza nikicheka.

Mhariri akasoma: “Ndugu mhariri, fumbo la jana ni lilelile la wiki tatu zilizopita. Herufi sita zilezile, A, D, E, G, N, R. Nimechukua orodha yenu wenyewe nikainakili, na hivyo nimewashinda kwa maneno kumi na mawili. Wiki tatu zilizopita mlisema yapo thelathini na moja. Jana mmesema yapo kumi na tisa. Naomba kujua, Kiingereza kimepungua?”

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri, na kicheko kilikuwa kimeshatoka kabla masikio hayajafikisha namba kichwani. Halafu nikasikia maji ya bomba yakimwagika na sikukumbuka kuyafunga.

“Mama, upo?”

“Nipo. Nani alisema kumi na tisa?”

“Tulihesabu sisi hapa ofisini, mama, kwenye ile picha. Tukahesabu mara mbili. Labda picha ilikatika?”

“Labda,” nikasema. “Nitakupigia.”

Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni, nikaifuta kwenye gauni nikaenda mezani kwenye mikebe. Niliogopa hata kugusa mfuniko. Nikajiambia, acha utoto, mwanamke mzima unaogopa mkebe wa biskuti. Nikafungua mwekundu. Juu kabisa ilikaa A D E G N R, kadi ya Jumatatu iliyopita. Chini yake ilikuwa kadi ya wiki iliyotangulia. Chini ya hiyo, ya wiki iliyotangulia hiyo. Nikafika ilipotakiwa kuwapo kadi ya wiki tatu zilizopita, haikuwapo. Bila shaka haikuwapo. Kadi ilikuwa moja, na siku ile, badala ya kuitia katika mwekundu, niliirudisha ndani ya wa bluu. Kisha nikaitoa tena, nikaitazama saa nzima, na haikunikumbusha chochote. Bustani na hatari niliziandika kama mtu anayezikuta kwa mara ya kwanza.

Nikakaa chini. Nikajaribu kukumbuka Jumatatu ile ya wiki tatu zilizopita, hata kitu kidogo tu, mvua ilinyesha au haikunyesha, nilivaa nini. Hakuna. Palikuwa peupe.

Basi nikafanya nisichowahi kufanya. Karani huyapanga magazeti yote kwenye rafu ya barazani, kwa tarehe, kama yuko ofisini bado. Nikatafuta toleo lenye orodha ya majibu, nikalifungua ukurasa wa mwisho, nikatazama kazi yangu ikiwa imeshachapwa. Maneno thelathini na moja. Nikayasoma kwa kidole, kama zamani kiwandani nilivyosoma prufu, zile kurasa za majaribio. Garden. Danger. Grade. Anger. Yote ndugu zangu. Kidole kikafika kwenye nard.

Nard?

Nikalirudia kwa sauti. Nikalitamka hivi na vile. Halikuniambia kitu. Nilikuwa natazama neno ambalo mimi mwenyewe niliandika wiki tatu zilizopita, limechapwa chini ya jina langu, na lilikuwa geni kwangu kama uso wa mpita njia. Mbele kidogo nikakuta jingine, egad. Hilo nalo silijui. Nitakueleza ukweli nilivyohisi: nilihisi kwamba kuna mtu ananifuata ndani ya kichwa changu na kuzima taa, chumba baada ya chumba, na kwamba ameshafika karibu na nilipokaa. Nililia kwa hofu, peke yangu barazani, na gazeti mapajani.

Niliponyamaza nikakumbuka karatasi zangu za penseli. Karani huzitupa zikishapigwa chapa, ndivyo alivyoniambia. Lakini mtu anayeweka nakala za barua za uchumba hatupi karatasi. Nikaenda kwenye meza yake ya kupigia chapa, nikavuta droo ya chini. Ilikuwa imefungwa. Ufunguo nilijua ulipo, ndani ya kikombe cha kalamu, kwa sababu katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa huyu bwana hajawahi kubuni maficho mapya.

Zilikuwamo zote, zimefungwa kwa kamba, tarehe juu. Ya wiki tatu zilizopita ilikuwa ya tatu toka juu. Maneno ya penseli yalikuwa yangu, yametawanyika. Na kati yao, kwenye nafasi zilizobaki, palikuwa na maneno ya kalamu ya bluu, mwandiko uliosimama wima, herufi zote kimo kimoja. Nard lilikuwa la bluu. Egad lilikuwa la bluu.

Sikulisahau! Hilo ndilo lililonijia kwanza, na furaha yake sitaisahau hata nikisahau mengine. Sikulisahau kwa sababu sikuwahi kulijua. Nikasimama katikati ya chumba nikicheka na machozi bado hayajakauka.

Halafu nikahesabu ya penseli. Yalikuwa kumi na minane.

Nikafungua kamba yote nikazipanga karatasi za mwaka na nusu wa karibuni sakafuni kwa tarehe, zikilaliana, mstari mmoja tangu mlangoni hadi dirishani. Sikuhitaji tena kuhesabu, rangi zilitosha. Kule mlangoni, karatasi zilikuwa za penseli tupu. Kisha, miezi kumi na minne nyuma, neno moja la bluu: bread. Mkate. Mimi nilikosa mkate, na Karani, ambaye Kiingereza chake ni cha “rejea barua yako ya tarehe”, aliliona pengo akaliziba. Wiki tatu safi. Kisha maneno mawili. Kisha manne. Kila nilivyosogea kuelekea dirishani bluu iliongezeka na penseli ikapungua, ishirini na sita, ishirini na nne, ishirini na moja, kumi na tisa, na hiyo kumi na tisa haikuwa ya Jumatatu iliyopita. Ilikuwa ya miezi miwili kabla. Namba niliyokuwa nikiiogopa ilishanipita, ikakaa nami mezani, ikanywa na chai.

Nilikuwa bado nimepiga magoti sakafuni waliporudi. Karani akaingia kwanza, jicho lake jipya likiwa wazi, jekundu kidogo. Aliona karatasi. Akavua kofia.

“Mke wangu,” akasema.

“Uliapa.”

“Niliapa.”

“Nilikushika mkono jikoni pale ukaapa. Siku hiyohiyo, nilikwambia. Siyo wiki ile, siyo mwezi ule. Miezi kumi na minne, Karani! Umenifunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni mimi!”

Binti yetu akawa amesimama mlangoni na mfuko wa dawa. “Kuna nini? Mama, mbona unalia?”

“Muulize baba yako.”

Karani akakaa kwenye kiti chake cha kupigia chapa, akatazama mikono. “Wiki ya kwanza niliona ni kuteleza tu,” akasema. “Nani hatelezi? Wiki ya tano nikasema nitakwambia Jumatatu. Ikaja Jumatatu, ukaniuliza, ngapi leo. Ulikuwa unang'aa. Nikafungua mdomo niseme ishirini na saba, ikatoka thelathini na moja. Ikawa imeshatoka, ikabidi nikayatafute hayo manne.”

“Ukayatafuta wapi wewe? Nard ni nini?”

“Sijui.”

“Hujui!”

“Niliikuta kwenye kamusi. Ilikuwa na herufi zake, nikaichukua.” Akavuta pumzi. “Napitia kurasa zote za herufi sita zile, moja baada ya moja. Inanichukua Jumatatu hadi Jumatano. Maandishi yale ni madogo sana, mke wangu. Yalianza kunishinda.”

Hapo ndipo nilipoelewa jicho. Alikubali kupasuliwa ili aweze kusoma kamusi. Hasira ilikuwa imenijaa hadi midomoni, na sikujua tena niiweke wapi, kwa hiyo nikamrushia yeye hivyohivyo.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” nikamwambia. “Hukuwaficha watu. Ulinificha mimi mwenyewe. Dada aliondoka hivi. Ningekuwa na miezi kumi na minne ya kujua, ningesema niliyotaka kusema nikiwa mzima. Sasa nimebakiwa na nini? Nani anajua nimebakiwa na nini?”

Binti akaweka mfuko chini akaja kupiga magoti karibu yangu, katikati ya karatasi. Alizitazama tangu mlangoni hadi dirishani, naye akaelewa. Kichwa alirithi kwangu. “Jumanne tunakwenda kwa daktari,” akasema taratibu. “Wote watatu. Baba naye atakuja, atasema yote.”

“Nitasema,” akasema Karani.

“Naogopa,” nikawaambia. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo ndani ya nyumba ile. “Naogopa sana. Sitaki kumshukuru Karani kama mhudumu wa hoteli.”

Karani akashuka kitini. Magoti yake si ya kushuka sakafuni, lakini alishuka. Akanishika mkono uleule. “Basi niapishe tena,” akasema.

“Kiapo chako kina thamani gani?”

“Hakina. Niapishe hivyohivyo.”

Nikamwapisha. Chochote utakachoona, kikubwa au kidogo, uniambie hapohapo. Usitabasamu, usizunguke, usingoje Jumatano. Uniambie.

Jioni ile nilimpigia mhariri. Nikamwambia mfamasia yuko sahihi, Kiingereza hakijapungua, kilichopungua ni mimi. Fumbo la Jumatatu litakuwa la mwisho, wachape idadi yoyote itakayopatikana. Akaanza kusema maneno matamu, nikamuaga.

Jumatatu saa tatu nikakaa mezani. Karani akakaa upande wa pili, mikono juu ya meza, hana kalamu. Binti alikuwa jikoni akijifanya ana kazi. Nikatikisa mkebe wa bluu nikatoa kadi, na saa ikaanza. Sitakudanganya kwamba ilikuwa tamu. Kulikuwa na dakika nzima nilipotazama zile herufi na zikanitazama, na hakuna aliyesema neno. Lakini pia kulikuwa na dakika yalipokuja manne kwa mpigo, yakisukumana kama zamani, na penseli haikuweza kuyafuata. Nikamwona Karani anatabasamu, kisha akakumbuka kiapo akaacha.

Saa ikatimia. Nikamsukumia karatasi. Akaisoma kwa jicho lake jipya, akiweka kidole chini ya kila neno, polepole.

“Ngapi leo?” nikauliza.

Alikohoa. Jikoni binti aliacha kujifanya.

“Kumi na saba,” akasema.

“Sema tena.”

“Kumi na saba, mke wangu. Hakuna zaidi.”

Niliipokea. Ilikuwa namba ya kutisha na ilikuwa yangu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka kuambiwa ukweli juu ya meza ile. Nikashangaa kwamba sikuanguka. “Kumi na saba si haba kwa kadi ngumu kama hii,” nikasema, na tukacheka wote wawili, kwa sababu ndivyo dada alivyokuwa akisema. Binti akaleta chai. Nikavuta mkebe, nikafungua mfuniko, nikatia kadi ndani, nikafunga, nikachukua kikombe changu.

Karani hakuchukua chake. Mkono wake uliondoka kidogo juu ya meza kuelekea kwenye mikebe, ukasimama njiani. Nilimfahamu vizuri sana wakati ule. Angeweza kungoja nikaoge, akairekebisha mwenyewe, kama alivyozoea. Akaurudisha mkono wake.

“Mke wangu,” akasema. “Si mkebe huo.”

Nikaweka kikombe. Nikaitazama mikebe miwili iliyokuwa mbele yangu, mmoja wa bluu, mmoja mwekundu, mikebe yangu ya miaka kumi na minane. Niliziona rangi zake vizuri, nikayajua majina ya rangi zenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikangoja nijue. Chai ilikuwa ikipoa.

“Ni upi?” nikamuuliza.

Akaniambia.